Waliovua Magwanda Wakaandika Programu

Tarehe 2 Julai 1944, mwanamke mwembamba aliyevaa sare mpya ya Jeshi la Majini la Marekani aliripoti kazini katika Chuo Kikuu cha Harvard. Jina lake Grace Hopper, umri miaka 37, cheo luteni wa daraja la chini. Siku chache kabla alikuwa amemaliza mafunzo ya uofisa mjini Northampton, Massachusetts, akiwa wa kwanza darasani. Mkuu wake mpya, Kamanda Howard Aiken, hakuwa na muda wa kumkaribisha mgeni. Alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, akamwonyesha mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15 iliyokuwa ikinguruma ukumbini, akampa hesabu moja ngumu ya pembe aikokotoe kwa mashine hiyo, na majibu yawe tayari ndani ya wiki moja.

Hopper alikuwa mhadhiri wa hesabu mwenye shahada ya uzamivu aliyoipata Yale mwaka 1934. Hesabu aliijua. Mashine hakuijua, na walioijua duniani kote walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Maofisa wawili vijana wa jeshi hilohilo, Robert Campbell na Richard Bloch, ndio waliomfundisha kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, kila safu ya matundu ikiwa amri moja: chukua namba hii, jumlisha na ile, weka pale. Mashine hiyo, iliyokuja kujulikana kama Mark I, iliusoma utepe na kutii.

Anayetafuta chimbuko la kazi ya kuandika programu hufika kwenye ukumbi kama huo, wenye walinzi mlangoni na saluti ndani. Leo mwandishi wa programu anajulikana kwa fulana, kompyuta mpakato na vipokea sauti masikioni. Kizazi cha kwanza cha kazi hii kilivaa magwanda, au kililipwa na wenye magwanda. Vita vilipokwisha, watu hao walivuka kwenda uraiani, na mizigo waliyovuka nayo ndiyo iliyoijenga kazi yenyewe. Wapo pia waliokuwa na mizigo ileile na hawakuruhusiwa kuvuka, na historia ya kazi hii haikamiliki bila wao.

Tuanze na mzigo wa kwanza: kitabu. Aiken alimwamuru Hopper aandike kitabu cha maelekezo ya Mark I. Hopper alijibu kwamba hajawahi kuandika kitabu. Aiken alimkumbusha kuwa sasa yumo jeshini. Basi akaandika, na kila siku alimsomea Aiken kurasa alizozimaliza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500, na ndani yake mlikuwa na historia ya mashine za kuhesabia, michoro ya umeme, na mifano ya hesabu iliyopangwa hatua kwa hatua. Jeshi lina desturi hii tangu zamani: bunduki ina kitabu chake, redio ina kitabu chake, kwa sababu atakayeitumia kesho huenda asimkute aliyeitumia jana. Hopper aliichukua desturi hiyo na kuiweka kwenye programu. Maelezo yanayoandamana na programu hadi leo, yale ambayo waandishi wengi wa programu wanaona uvivu kuyaandika, yana asili hiyo ya kambini.

Mzigo wa pili ulikuwa mdogo zaidi na ulizaa makubwa zaidi. Hopper, Bloch na Campbell walikuwa na madaftari. Kila mmoja alipoandika kipande cha amri kilichofanya kazi vizuri, mathalani cha kutafuta kipeo cha pili au sini ya pembe, alikinakili daftarini. Mwenzake akikihitaji, huazima daftari na kukinakili kwa mkono kwenye programu yake mpya. Mfumo ulikuwa mzuri ila wanadamu si wazuri wa kunakili. Tarakimu moja ikikosewa, matundu hukosewa, na mashine hutoa upuuzi usiku kucha. Hopper aliondoka jeshini na jambo hilo likiwa bado linamsumbua kichwani.

Si kila kazi waliyoifanya pale ilikuwa ya kujivunia. Agosti 1944 alikuja John von Neumann na milinganyo aliyotaka itatuliwe. Wale maofisa waliiandikia programu bila kuambiwa ni ya nini. Baadaye ndipo walipoelewa kwamba hesabu zile zilihusu namna ya kulipua bomu la atomiki kwa kulibana kutoka pande zote. Askari hutii amri bila kuoneshwa mwisho wake, na Mark I ilifanya hivyohivyo.

Vita vikaisha. Hopper aliomba kuingizwa katika jeshi la kudumu akakataliwa kwa sababu ya umri. Chuo cha Vassar, alikofundisha kabla ya vita, kilimwita arudi kwa cheo cha uprofesa kamili. Alikataa. Alibaki Harvard kama mtafiti wa mkataba, huku akiendelea kuwa askari wa akiba, hadi mwaka 1949 mkataba ulipomalizika na hapakuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Alikuwa na miaka 42. Akajiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikihangaika kutengeneza kompyuta ya kuuzwa kwa raia, UNIVAC. Huo ndio ulikuwa mvuko wake wa kwanza.

Alipofika aliwakuta wengine waliovuka kabla yake kwa mlango wa pembeni. Betty Snyder na Jean Jennings walikuwa miongoni mwa wanawake sita waliochaguliwa na Jeshi la Nchi Kavu, wao wenyewe wakiwa raia, kuipanga ENIAC, kompyuta ya kukokotoa njia za makombora ya mizinga. Walijifunza mashine hiyo kwa kusoma michoro yake, maana mwanzoni hata kuingia chumbani ilimokuwa hawakuruhusiwa. ENIAC ilipooneshwa hadharani tarehe 15 Februari 1946, programu iliyowashangaza wageni waalikwa ilikuwa kazi ya mikono yao, na kwenye karamu ya jioni hawakualikwa. Hopper alimheshimu sana Snyder, na alikuwa akimtaja kama mwandishi bora wa programu aliyepata kumfahamu.

Philadelphia ndipo lile tatizo la madaftari lilipopata dawa. Hopper alijiuliza: kama mashine inatii amri bila kuchoka, kwa nini isipewe kazi ya kunakili? Vipande vilivyokwisha kujaribiwa vikawekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Mwandishi akataja namba tu, na mashine yenyewe ikavitafuta, ikavipanga na kurekebisha anwani zake. Programu hiyo ya kutengeneza programu ilikamilika mwaka 1952 na ikaitwa A-0. Aliipa jina la kompaila, yaani mkusanyaji. Wengi hawakuamini. Waliamini kompyuta ni ya kukokotoa, na kuandika programu ni kazi ya mtu.

Hapo panahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu simulizi nyingi za Hopper hukimbilia kumsimulia yule nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Mark II na kubandikwa kwenye daftari lake la kumbukumbu tarehe 9 Septemba 1947, ambaye hata hakukamatwa na Hopper, na neno la mdudu kwa maana ya hitilafu lilikuwepo tangu enzi za Edison. Nondo anachekesha. Madaftari ndiyo yenye uzito. Kompaila ilizaliwa kutokana na taabu ya askari watatu walioandika usiku na mchana kwa kuazimana daftari, na ilizaliwa uraiani, kwa sababu uraiani ndiko walikokuwa wateja wasiojua hesabu: makampuni ya bima, viwanda vya chuma, maghala. Hao walitaka mishahara na ankara. Hopper aliwatengenezea lugha ya amri zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, FLOW-MATIC, ambayo karani wa ofisi aliweza walau kuisoma na kuelewa inazungumzia nini.

Kisha jeshi likarudi mezani. Tarehe 28 na 29 Mei 1959, watu wapatao 40 kutoka serikalini, viwandani na kwenye kampuni za kompyuta walikutana Pentagon kutafuta lugha moja ya kazi za biashara ambayo mashine yoyote itaielewa. Lugha waliyoizaa, COBOL, ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za watengenezaji tofauti, RCA na UNIVAC, kwa mabadiliko machache sana. Wizara ya Ulinzi ilipoanza kudai COBOL kwa kompyuta ilizonunua au kukodi, watengenezaji wote wakafuata. Hadi leo kuna mabenki na idara za serikali duniani ambazo hesabu zake za kila usiku hufanywa na programu za COBOL.

Hopper alikuwa na shahada ya uzamivu. John Backus, askari mwingine aliyevukia kwenye programu, hakuwa na shahada yoyote. Mwaka 1942 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia, akafukuzwa kwa kutohudhuria masomo, na mwaka uliofuata aliitwa jeshini. Huko alikuwa koplo wa kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege katika jimbo la Georgia, mpaka mitihani ya kupima vipaji ilipoonesha kwamba kijana yule ana akili kuliko kumbukumbu zake za shule zinavyosema. Jeshi likampeleka kusoma uhandisi, kisha udaktari. Udaktari haukumpendeza. Aliachana nao, akapanga chumba New York, na kwa kuwa alitaka redio nzuri ya kusikilizia muziki akajiunga na shule ya mafundi redio. Mwalimu mmoja wa shule hiyo alimwomba amsaidie kufanya hesabu fulani, na hapo Backus akagundua kwamba hesabu anaipenda. Akaingia Columbia.

Mwaka 1950, karibu na kumaliza shahada ya pili, alipita mbele ya makao ya IBM mtaa wa Madison. Kompyuta kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa imewekwa penye dirisha la kioo wapita njia waione. Aliingia, akazungushwa kuitazama, na katika mazungumzo akataja kwamba anatafuta kazi. Akapelekwa juu kwa mkubwa mmoja, akapewa fumbo la hesabu, akalifumbua, akaajiriwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1957, timu aliyoiongoza ilitoa FORTRAN, lugha iliyowawezesha wanasayansi kuandika milinganyo karibu kama walivyoizoea kwenye karatasi.

Njia hiyo ya Backus ilikuwa imetandikwa kwa sheria. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya uraia, ambayo Wamarekani huiita GI Bill. Serikali ililipa ada, vitabu na posho ya kujikimu. Zaidi ya askari milioni 2 waliingia vyuoni, na milioni kadhaa wengine walipata mafunzo ya ufundi. Sifa za sheria hii zimeimbwa sana, na inazistahili. Ila askari Weusi, hasa wa majimbo ya Kusini, walikuta vyuo vingi vimefungwa kwao kwa ubaguzi na ofisi zilizotakiwa kuwahudumia zikishikwa na Wazungu wasiotaka kuwahudumia. Mlango uliofunguliwa kwa sheria moja uliweza kufungwa na karani mmoja.

Uingereza haikuwa na fedha za namna hiyo. Ilikuwa na chai.

J. Lyons ilikuwa kampuni ya migahawa ya chai, keki na mikate. Mgahawa wake wa kwanza wa chai ulifunguliwa Piccadilly, London, mwaka 1894, na kufikia miaka ya 1940 migahawa yake ilikuwa zaidi ya 200. Chai yake nyingine ilitoka shamba lake la Lujeri huko Nyasaland, Malawi ya leo. Biashara ya vikombe na vipande vya keki ina faida ndogo sana kwa kila mteja, na hesabu zake ni nyingi mno. Ndiyo maana wakubwa wa Lyons waliwatuma wawili wao, Oliver Standingford na Raymond Thompson, kwenda Marekani mwaka 1947 kutazama mbinu mpya za ofisi. Walirudi na habari kwamba mashine waliyoitaka ilikuwa ikijengwa nyumbani kwao, Cambridge. Lyons ikakisaidia chuo kwa pauni 3,000 na fundi mmoja, kisha ikaamua kujenga kompyuta yake yenyewe. Kampuni ya keki ikajenga kompyuta! Ikaitwa LEO, yaani Ofisi ya Kielektroniki ya Lyons.

Nani aiandikie programu? Hapakuwa na chuo chochote kilichofundisha kazi hiyo. Lyons ilitafuta ndani ya ofisi zake, na ofisi zake zilikuwa zimejaa watu waliorejea vitani. Derek Hemy alikuwa ametoka kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Leo Fantl alikuwa mkimbizi kutoka Chekoslovakia aliyefika Uingereza akiwa mtoto na kuja kutumikia Jeshi la Anga. Aliyewaongoza alikuwa David Caminer, mtoto wa mashariki ya London ambaye baba yake mzazi aliuawa katika Vita vya Kwanza. Yeye mwenyewe aliingia Lyons mwaka 1936, akaenda vitani na kikosi cha Green Howards, na Machi 1943, katika mapigano ya Mareth nchini Tunisia, akapoteza mguu. Alirudi kazini Lyons na mguu wa bandia na ukali usio na mfano kuhusu makosa.

Ukali huo ndio ulioijenga LEO. Caminer alitaka kila kazi ichorwe kwanza kwenye karatasi mtiririko wake wote: karatasi inatoka wapi, inapita kwa nani, kitu gani kinaweza kuharibika. Kila programu ilipitiwa na mtu mwingine asiye mwandishi wake kabla ya kugusa mashine. Alirudisha kazi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Waliofanya kazi chini yake walimwogopa, na miaka mingi baadaye walimshukuru. Mwandishi wa makala haya anaona hapo pana jibu la swali ambalo waajiri bado wanauliza wanapopokea barua ya maombi ya askari mstaafu: huyu analeta nini? Watu wa Caminer hawakuleta ujuzi wa kompyuta, kwa kuwa haukuwepo. Walileta mazoea ya kupanga jambo ambalo likikosewa haliwezi kusahihishwa katikati, kuandika amri ambayo anayeipokea hawezi kuuliza maana yake, na kukubali kazi yao ikaguliwe na mwenzao bila kununa.

Mwezi Novemba 1951 LEO iliendesha kazi yake ya kwanza ya ofisi, kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka viwandani. Hakuna kompyuta iliyowahi kufanya kazi ya kawaida ya biashara kabla ya hiyo. Tarehe 12 Februari 1954 ilianza kupiga hesabu za mishahara kwa uhakika kamili. Karani mzoefu alitumia dakika nane kwa mfanyakazi mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Baadaye ikapewa hata hesabu za kuchanganya majani ya chai.

Fantl alikuja kupelekwa Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuanzisha huduma ya LEO huko, ambapo mashine moja ya LEO III ilifungwa kwa ajili ya makampuni ya migodi. Mwaka 1963 Lyons iliunganisha biashara yake ya kompyuta na ya English Electric, na mwaka 1968 ukoo huo wote ukaungana na kampuni ya ICT kuunda ICL. Wasomaji wa Tanzania wenye umri mkubwa wanalikumbuka jina la ICT: kompyuta ya kwanza ya Wizara ya Fedha, iliyonunuliwa mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500.

Uingereza ilikuwa na watu wengine ambao wangeweza kuvuka kabla ya wote. Katika kituo cha siri cha Bletchley Park, wasichana wapatao 270 wa kikosi cha wanawake cha Jeshi la Majini waliendesha mashine za Colossus zilizosaidia kufumbua simu za siri za makao makuu ya Wajerumani. Zilikuwa kumi vita vilipoisha. Walikuwa wamekaa na kompyuta za kielektroniki mchana na usiku wakati dunia haijui kwamba kitu hicho kipo. Vita vilipokwisha nyingi ya mashine hizo zilivunjwavunjwa, na wasichana wale wakaagizwa wasitamke neno. Hawakutamka. Waliolewa, wakawa waalimu na makarani, wakakaa na siri hiyo kwa miaka 30, hadi habari za Bletchley zilipoanza kutolewa katikati ya miaka ya 1970. Hebu fikiria mwombaji kazi wa Lyons mwaka 1950 ambaye ameendesha kompyuta kwa zaidi ya mwaka mzima na sheria inamkataza kusema hivyo. Nchi ilijinyima mafundi wake wenyewe.

Kwetu hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana Habeshi, Madagaska na Burma. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi. Wengi walitoka vijijini bila kazi ya ufundi wakarudi wakijua udereva, umakanika, ukarani, na hata kupeleka ujumbe kwa redio kama Derek Hemy alivyojua. Tofauti yao na Hemy ilianza siku meli ilipotia nanga. Nchini Kenya askari Wazungu waliotoka vitani walipewa mashamba kwa mpango maalumu wa serikali. Askari wa Kiafrika alirudi kwenye kipande, kodi na mshahara wa kibarua.

Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao. Alipigana Burma, akarudi, akapata kazi ya kuchochea moto wa injini za reli. Januari 1954 alikamatwa akiwa Jenerali China wa Mau Mau. Mwezi uliofuata, London, LEO ya askari wa mguu mmoja ilianza kulipa mishahara. Itote hakuwa mwandishi wa programu, na hakuna anayeweza kusema angekuwa. Ila hata swali lenyewe hakuulizwa, wala yeye wala maelfu ya wenzake, na hilo lilikuwa uamuzi wa watu waliokuwa na majina na vyeo.

Huko Marekani jeshi liliendelea kuwa shule kubwa kuliko vyuo. Umoja wa Kisovieti ulipojaribu bomu la atomiki mwaka 1949, Jeshi la Anga la Marekani liliagiza mfumo wa kompyuta wa kulinda anga, SAGE. Kituo cha kwanza kilianza kazi New Jersey mwaka 1958. Kila kituo kilikuwa na kompyuta yenye valvu zipatazo 49,000, zile zilizofanana na taa za redio za zamani, na programu yake ilikuwa ndefu kuliko yoyote iliyowahi kuandikwa. Waandishi hawakupatikana, basi kampuni iliyopewa kazi hiyo, System Development Corporation ya California, ikawafundisha: ilichukua watu wa fani mbalimbali, ikawapima kwa mitihani ya mantiki, ikawapa miezi michache ya masomo. Ilifundisha maelfu. Wengi wakiiva tu waliondoka kufuata mishahara minono ya mabenki na viwanda. Kampuni ililalamika mwanzoni, kisha ikajivunia.

Teknolojia yenyewe ilivuka pamoja nao. Mwaka 1953 ofisa mauzo wa IBM, Blair Smith, alipanda ndege kutoka Los Angeles kwenda New York akaketi karibu na abiria wa jina kama lake, C. R. Smith, mkuu wa shirika la American Airlines. Wakaongea juu ya taabu ya kukata tiketi kwa kadi na simu. Mazungumzo hayo yalizaa SABRE, mfumo wa kuhifadhi nafasi kwenye ndege uliojengwa kwa mafunzo ya SAGE, ambao kufikia mwaka 1964 ulishika tiketi zote za shirika hilo. Mfumo wa kuona ndege za adui ukawa mfumo wa kumtafutia abiria kiti.

Njia ya leo ina sura nyingine kidogo. Kuna shule fupi za programu za wiki chache ambazo kwa Kiingereza zimejipa jina la kambi ya makuruta, na kwa miaka mingi askari wastaafu wa Marekani hawakuweza kuzilipia kwa urahisi kwa fedha za GI Bill, kwa kuwa sheria ilifikiria vyuo vya kawaida. Mwaka 2019 serikali ilianzisha mpango wa majaribio wa miaka mitano, VET TEC, ulioirekebisha kasoro hiyo, tena kwa sharti zuri: shule ililipwa sehemu ya mwisho ya ada yake pale tu mhitimu alipopata kazi ya maana. Sharti hilo linastahili kuigwa na kila nchi inayowalipia vijana wake mafunzo, kuanzia na zetu.

Hopper yeye hakuvuka mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha kwenye orodha ya akiba akiwa kamanda, na alisimulia kwamba siku ile ilimhuzunisha kuliko nyingine zote. Miezi saba baadaye likamwita tena. Programu za mishahara za jeshi zilikuwa zimeshindikana, kila idara ina COBOL yake isiyoelewana na ya jirani. Aliitwa kwa miezi sita akakaa miaka 19, akaandika vipimo vya kuhakiki kwamba COBOL ni COBOL kweli. Alikuwa akigawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi kwa wasikilizaji wake, maadmirali na wanafunzi vilevile, akiwaeleza kwamba huo ndio umbali ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, nao wasiipoteze ovyo.

Tarehe 14 Agosti 1986, kwenye sitaha ya USS Constitution bandarini Boston, Admirali Grace Hopper alistaafu akiwa na miaka 79, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Kisha akaenda kutafuta kazi uraiani. Kampuni ya kompyuta ya Digital ilimwajiri kama mshauri mwandamizi, na kwenye mihadhara ya kazi hiyo mpya alisimama amevaa sare yake ya Jeshi la Majini. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington.